Kuyapima Maneno kwa Kipimamvua: Sayansi ya Ardhi na Hali ya Hewa kwa Vitendo Mjini Babati



Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi nchini Tanzania umekwishadumu zaidi ya nusu karne, na kwa sehemu kubwa umekuwa mjadala wa istilahi. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na hasa tangu lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, swali lililoulizwa mara nyingi ni hili: je, neno lipo? Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na sehemu kubwa ya swali hilo ikapata jibu. Maneno yapo, na yanapokosekana njia za kuyaunda zinajulikana.

Lipo swali la pili ambalo halijapewa nafasi inayolistahili. Neno likishapatikana, linaishi wapi? Mwanafunzi anapolitamka anaona nini mbele ya macho yake? Istilahi iliyomo katika kamusi tu ni kama jembe lililoning'inizwa ukutani: ni zima, limenolewa, lakini halijawahi kuonja udongo. Mhadhara huu unadai kwamba istilahi za sayansi ya ardhi na hali ya hewa hupata maana kamili pale tu zinapofungamanishwa na kitendo cha kupima, na kwamba kitendo hicho kinawezekana katika uwanja wa shule yoyote ya msingi, kwa vifaa vinavyookotwa au kununuliwa kwa bei ndogo. Mfano unaotumika ni mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara.

Babati kama darasa

Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Mji wa Babati uko kwenye barabara kuu iendayo Arusha kutoka Dodoma, katika mwinuko wa zaidi ya meta 1,300 kutoka usawa wa bahari. Upande mmja wa mji umesimama Mlima Kwaraa wenye msitu wa hifadhi. Upande mwingine limelala Ziwa Babati, ziwa la maji baridi lisilo na kina kirefu, lenye viboko, ambalo katika miaka ya mvua nyingi hufurika. Mafuriko ya mwaka 1990 yaliufikia mji wenyewe. Nchi yote hii imo katika mfumo wa Bonde la Ufa, na kusini-magharibi, katika barabara iendayo Singida, unaonekana Mlima Hanang, volkano iliyolala yenye kimo cha zaidi ya meta 3,400.

Kwa mwanaisimu, Babati ina sifa nyingine. Katika eneo hili na jirani zake hukutana lugha za Kibantu kama Kirangi na Kimbugwe, lugha za Kikushi kama Kigorowa na Kiiraki, na Kidatoga ambacho ni lugha ya Kinailoti. Mbali kidogo wanaishi Wasandawe na Wahadzabe, ambao lugha zao zina sauti za vidoko. Ni sehemu chache barani Afrika ambapo familia za lugha zilizo mbali kiasi hicho hupakana kwa karibu namna hiyo. Kwa hiyo darasa la Babati haliwezi kudhaniwa kuwa darasa la watoto waliokikuta Kiswahili cha pwani nyumbani. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na wengi wao wamekipata sokoni, stendi, msikitini, kanisani na shuleni. Jambo hili lina matokeo makubwa kwa msamiati wa hali ya hewa, kwa sababu msamiati huo kwa asili yake ni wa watu wa bahari.

Kaskazi iliyosahaulika

Mwanafunzi wa Babati hutumia neno kaskazini kila siku. Arusha iko kaskazini. Kondoa iko kusini. Mara chache huambiwa kwamba maneno haya mawili ni majina ya pepo yaliyoongezewa kiambishi cha mahali. Kaskazi ni upepo uvumao kutoka kaskazini-mashariki, takribani kuanzia Desemba hadi Machi; kusi ni upepo utokao upande wa kusini katika miezi ya katikati ya mwaka. Kaskazini, basi, ni kule kaskazi itokako, na kusini ni kule itokako kusi. Mabaharia wa pwani walizipa dira jina la pepo zilizoendesha majahazi yao baina ya Afrika ya Mashariki, Arabuni na Bara Hindi.

Hapa ndipo kitendo kinapokuja. Shughuli nyepesi kuliko zote katika sayansi ya hali ya hewa ni kutengeneza kionyesha upepo: mshale wa karatasi ngumu wenye mkia mpana, uliopachikwa kwenye pini juu ya kijiti ili uzunguke bila kukwama. Upepo husukuma mkia, na ncha ya mshale huelekea kule upepo utokako. Wanafunzi wengi hudhani kinyume chake. Upepo unaoelekea kusini huuita upepo wa kusini, na ubishi huanza. Ubishi huo una thamani kubwa, kwa kuwa jibu lake limo ndani ya lugha yenyewe: ikiwa kaskazini ni mahali kaskazi itokako, basi upepo huitwa kwa jina la kwao, si kwa jina la kule uendako. Kanuni ya kimataifa ya wanasayansi wa hali ya hewa inasema hivyo hivyo. Kiswahili kilikuwa nayo kabla ya vitabu vya shule kuandikwa.

Mwanafunzi aliyeushika mshale ule kwa mkono wake hana haja ya kukariri kanuni. Tena ataanza kuuliza swali la bara: je, kaskazi ya pwani ndiyo inayovuma hapa, au Bonde la Ufa na milima vimeigeuza? Swali hilo halijibiwi kwa kamusi. Linajibiwa kwa daftari la mwaka mzima.

Chupa, milimita na usiku wa kuamkia

Shughuli ya pili ni kupima mvua. Huchukuliwa chupa ya plastiki ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, yenye ubavu ulionyooka. Sehemu ya juu hukatwa na kupachikwa kichwa chini ili iwe faneli. Kwa kuwa kitako cha chupa kina mabonde, hutiwa kokoto, kisha maji hadi yafunike kokoto hizo na kufikia mahali ubavu unapoanza kunyooka. Hapo huwekwa alama ya sifuri, na rula hubandikwa kuanzia alama hiyo. Kipimamvua husimamishwa wima mahali pa wazi, mbali na paa na miti, angalau umbali unaozidi mara mbili kimo cha kizuizi kilicho karibu.

Tatizo la kwanza ni la dhana. Mwanafunzi huuliza kwa nini mvua ipimwe kwa milimita kama urefu wa ukucha, wala si kwa lita kama maji ya ndoo. Jibu hupatikana kwa kuweka vyombo viwili vyenye midomo ya ukubwa tofauti, vyote vyenye kuta zilizonyooka. Mvua ikikatika, kopo pana lina maji mengi kuliko kopo jembamba, lakini kina ni kile kile. Kina hakitegemei chombo, wingi unategemea. Hapo ndipo milimita moja ya mvua inapoeleweka kuwa ni lita moja ya maji katika kila meta moja ya mraba. Paa la darasa lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 8, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 3,200. Kwa shule inayoteka maji mbali, hesabu hiyo ni ya maisha.

Tatizo la pili ni la saa na siku. Utaratibu wa vituo vya hali ya hewa nchini ni kusoma kipimamvua saa 3:00 asubuhi. Mvua iliyonyesha saa nane za usiku, je, ni ya jana au ya leo? Katika mapokeo ya Kiswahili siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Jumatatu kwa mzee wa zamani ni ule unaoitangulia mchana wa Jumatatu. Kwa kalenda ya ofisini ni ule unaoufuata. Madaftari mengi ya shule huharibika hapa: mtoto mmoja huandika mvua ile ile Jumapili, mwingine Jumatatu. Kiswahili cha kawaida kina tungo inayoondoa utata huu bila istilahi mpya: usiku wa kuamkia Jumatatu. Ni tungo ya watu wa kawaida, tena ya magazeti na redio, lakini kwa usahihi wake inafaa kuingizwa katika daftari la sayansi kama ilivyo.

Tatizo la tatu ni la vivumishi. Mvua nyingi si mvua kubwa. Mvua nyingi hueleza wingi wa jumla. Mvua kubwa hueleza ukali wake kwa wakati. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, hukusudia kiwango kinachozidi milimita 50 katika saa 24. Mwanafunzi anayeandika kiasi cha mvua pamoja na muda wake huona kwamba milimita 30 za manyunyu ya mchana kutwa zimezama ardhini, ilhali milimita 30 za saa moja zimechimba mfereji katika njia ya kwenda chooni. Tofauti ya nyingi na kubwa, ambayo katika mazungumzo hupita bila kusikika, imeandikwa uwanjani.

Neno wastani na neno utabiri

Kila kabla ya msimu, wakulima wa mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara husikia redioni kwamba mvua za vuli au za masika zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Neno hili lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya kati. Katika Kiswahili cha kila siku, kitu cha wastani ni kile kisicho kikubwa wala kidogo: mtu wa kimo cha wastani, nyumba ya wastani. Mkulima akisikia mvua za wastani, ana haki ya kuelewa mvua za kadiri, zinazotosha. Mtaalamu hakusema hivyo. Yeye analinganisha na takwimu za miaka mingi za mahali pale pale. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kipindi cha miaka 30, na kipindi cha rejea cha sasa ni 1991 hadi 2020. Mahali pakavu, mvua za wastani ni mvua chache. Mtu anaweza kupanda mahindi ya muda mrefu kwa kuliamini neno hilo, akavuna mabua.

Tafsiri bora peke yake haiondoi tatizo hili, kwa sababu neno si baya. Kinachokosekana ni uzoefu wa kuikokotoa dhana. Chukua mfano wa kubuni wa Novemba tano. Mvua ilikuwa milimita 40, 60, 200, 30 na 70. Jumla ni 400, na wastani ni 80. Darasa likitazama ubaoni litaona mambo mawili ya kushangaza: hakuna mwaka hata mmoja uliopata milimita 80, na miaka minne kati ya mitano ilikuwa chini ya wastani. Mwaka mmoja wa mafuriko umeinua hesabu yote. Mtoto aliyeyaona haya kwa tarakimu alizozikusanya mwenyewe hatalisikia tena neno wastani redioni kama alivyolisikia zamani, na jioni atamweleza babaye.

Neno utabiri lina mzigo mwingine. Kitenzi kutabiri kinatokana na neno la Kiarabu linalohusu kufasiri ndoto, na hata leo hutumika kwa manabii, wanajimu na waganga. Nabii akikosea, si nabii. Kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa usipotimia, watu husema wamedanganywa. Lakini mtaalamu wa hali ya hewa hasemi jambo litakalokuwa, hukadiria uwezekano. Wapo wanaopendekeza neno makadirio, na pendekezo hilo lina mashiko. Hata hivyo neno utabiri limekwishaota mizizi, na kulingoa kutagharimu kuliko kulifunza upya.

Njia ya kulifunza upya ni mchezo wa mwezi mmoja. Kila alasiri wanafunzi hutazama mawingu, upepo na daftari, kisha kila mmoja huandika: kati ya siku kumi zinazofanana na hii, ni ngapi ambazo kesho yake mvua hunyesha? Baada ya mwezi, siku zote ambazo mwanafunzi aliandika saba hukusanywa pamoja na kuhesabiwa: je, kweli kiasi cha saba katika kumi zilifuatwa na mvua? Mwanafunzi hujifunza kwamba aliyesema saba katika kumi hakukosea mvua isiponyesha siku moja. Hukosea pale hesabu yake ya siku nyingi isipolingana na mambo yalivyokuwa.

Katika mchezo huu sarufi huingia yenyewe. Itanyesha si sawa na yaelekea itanyesha, wala huenda ikanyesha, wala haielekei kunyesha. Kiswahili kina ngazi ya uhakika ambayo vitabu vya sarufi hueleza kwa mifano ya mgeni atakayekuja au asiyekuja. Darasa likikubaliana kwamba huenda ikanyesha iwe tatu katika kumi, na yaelekea itanyesha iwe saba, limefanya kazi ya usanifishaji inayozidi ile ya kutafuta jina la chombo.

Joto, mashapo na chupa ya udongo

Uwanja wa istilahi una maneno mawili kwa dhana moja na neno moja kwa dhana mbili. Joto katika mazungumzo ni nishati, tena ni kiwango chake; vitabu vimejaribu kutenganisha kwa maneno kama halijoto na jotoridi. Mwalimu akichemsha maji mbele ya darasa na kutumbukiza kipimajoto cha maabara, wanafunzi wakiwa wamekaa kwa mbali, kiwango kitapanda, kisha kitasimama ingawa moto unaendelea kuwaka. Joto linaingia, halijoto haipandi. Hapo maneno mawili yanahitajiwa, na darasa linajua kwa nini. Tena kitasimama karibu na nyuzi 95 za Selsiasi, wala si 100, kwa sababu Babati iko juu na kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani. Kitabu kinachosema maji huchemka kwa nyuzi 100 hakijakosea. Kimeandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Mwanafunzi aliyefunzwa kuandika alichokiona, si alichokisoma, ameupata msingi wa sayansi.

Mfano mzuri zaidi ni mashapo. Wanafunzi hutia udongo wa shamba katika chupa angavu hadi theluthi, hujaza maji, huitikisa, huiweka chini. Kwa muda mfupi mchanga umetua. Baadaye hutua chembe laini zaidi. Mfinyanzi hubaki umeelea na kuyatia maji rangi hadi kesho yake au zaidi. Tabaka zinapimwa kwa rula, na aina ya udongo inajulikana. Neno mashapo ni la zamani, la jikoni na la mtungini: kile kinachobaki chini kinywaji kikishatua au kitu kikishakamuliwa. Wanajiografia wamelichukua na kuunda mwamba mashapo, ambao vitabu vingine huuita mwamba tabaka. Akisoma istilahi hiyo bila chupa, mwanafunzi hukariri. Akiwa na chupa, huona kwamba jiwe linaweza kuwa mtungi uliotua kwa maelfu ya miaka, tena huona kwa nini majina yote mawili yanafaa: moja linataja kitu, jingine linataja umbo.

Kutoka kwenye chupa hadi ziwani si mbali. Wanafunzi hukata chupa tatu kwa urefu na kuzijaza udongo: ya kwanza udongo mtupu, ya pili udongo uliofunikwa majani makavu, ya tatu udongo ulioota nyasi. Zote huinamishwa sawa na kumwagiwa maji kiasi kile kile. Maji yatokayo hukingwa. Ya kwanza ni tope, ya tatu karibu ni safi. Maana ya neno mmomonyoko imo katika glasi tatu. Mwalimu ana historia ya kuitaja: kusini mwa Babati, Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyoliwa na makorongo. Katika misitu ya Duru-Haitemba, iliyomo wilayani Babati kwenyewe, vijiji vilikabidhiwa usimamizi wa misitu yao katika miaka ya 1990. Na Ziwa Babati, kwa kuwa halina kina kirefu, hupokea kila tope linaloteremka. Upimaji wa ziwa lenyewe, hata hivyo, uachiwe watu wazima wenye dhamana. Kiboko haheshimu somo la vitendo.

Hanang, Desemba 2023

Mtu anaweza kuuliza: haya yote yana uzito gani? Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliteremka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, na kwa kuwa Ol Doinyo Lengai, ulio katika kaskazi hiyo hiyo ya nchi, ulilipuka mwaka 2007, watu walikuwa na sababu ya kuuliza iwapo mlima umelipuka. Serikali, kwa ushauri wa wataalamu wa jiolojia, ilieleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikalemewa, ikameguka na kuwa tope.

Katika siku zile maneno kadhaa yalitumika kwa tukio lile lile: mafuriko, maporomoko ya ardhi, maporomoko ya tope, volkano. Hayana maana moja, na hatua za kujiokoa hazifanani. Anayekimbia mafuriko hupanda mahali pa juu. Anayekimbia maporomoko ya tope hutoka haraka katika njia ya korongo na kwenda kando yake, kwani juu ndiko tope litokako. Neno maporomoko lenyewe kwa wengi huleta picha ya maji yanayoanguka gengeni, mahali pa watalii. Istilahi isiyo na picha sahihi inaweza kumpeleka mtu upande usiofaa.

Shughuli inayoufaa ufahamu huo hufanywa katika karai. Mchanga mkavu ukimwagwa hufanya kichuguu chenye mteremko mdogo. Ukitiwa maji kidogo hushikamana, na mteremko unaweza kuwa mkali. Maji yakizidi, mshikamano hupotea ghafla na kichuguu chote huteleza. Darasa huona jambo ambalo maelezo hayalifikishi: kwamba maji yale yale yaliyoushika udongo ndiyo yanayouachia, na kwamba mlima uliosimama jana si ushahidi kwamba utasimama kesho. Karai si Hanang, na mwalimu hana budi kusema hivyo. Lakini mtoto aliyeona mchanga ukiachia atalisikia neno tahadhari kwa sikio jingine.

Hoja zinazopinga

Zipo hoja tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba shule hazina vifaa. Shughuli zilizotajwa zinahitaji chupa, rula, kokoto, karai na karatasi ngumu. Kipimajoto kimoja chaweza kutumiwa na shule nzima. Kinachokosekana zaidi ni muda, kwa kuwa madarasa ni makubwa na mtihani hauulizi alichopima mwanafunzi. Hoja hiyo ni ya kweli, na haijibiwi kwa kuwalaumu walimu. Wanafunzi 80 hawawezi kusoma chupa moja, lakini wanaweza kupokezana kwa zamu, na zamu hufundisha kitu kingine: daftari lililoandikwa na mikono mingi hulazimisha lugha ya pamoja.

Ya pili ni kwamba vipimo vya watoto si sahihi. Haviwezi, kweli, kuchukua nafasi ya kituo cha hali ya hewa. Thamani yake iko kwa mpimaji. Aliyewahi kukosea kusoma milimita anajua kwa nini kituo hufuata saa na utaratibu.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba kazi hii hupotea mwanafunzi anapoingia sekondari, ambako Kiingereza kimeendelea kuwa lugha ya kufundishia katika shule za serikali. Daftari la mvua hufungwa, na maneno huanza upya. Mtaala wa elimu ya msingi ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta somo la Jiografia na Mazingira, nalo ni fursa. Lakini fursa hiyo itakatika mlangoni mwa kidato cha kwanza iwapo mwanafunzi hataruhusiwa kuendelea kuandika alichokiona kwa lugha aliyokionea. Kujifunza jina la pili la kitu si hasara. Hasara ni kuambiwa kwamba jina la kwanza halikuwa sayansi.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya upungufu wa istilahi ni matatizo ya upungufu wa vitendo. Kutokana na hayo mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, wanaosanifisha istilahi za ardhi na hali ya hewa wazijaribu katika viwanja vya shule kabla ya kuzichapisha, na wasikilize watoto wanalichanganya neno lipi na lipi. Pili, tungo za kawaida zenye usahihi, kama usiku wa kuamkia na ngazi ya uhakika iliyoelezwa hapo juu, zihesabiwe kuwa sehemu ya lugha ya sayansi, zisidharauliwe kwa kuwa si nomino. Tatu, wanafunzi wa isimu katika vyuo vikuu waende Babati, Katesh, Kondoa na kwingineko, waandike jinsi taarifa ya hali ya hewa inavyotoka redioni hadi shambani, kupitia Kiswahili na kupitia Kigorowa, Kiiraki, Kirangi na Kidatoga, na waseme neno gani lilipoteza maana wapi.

Kazi hiyo ya tatu haiwezi kufanywa na wanahali ya hewa peke yao, wala na wanaisimu peke yao. Wa kwanza wana milimita, wa pili wana maneno. Mkulima wa chini ya Mlima Kwaraa anahitaji vyote viwili vifike pamoja, tena kabla mvua haijanyesha.